Kurekodi fanki, Afro-disko na jazi ya kiroho kwa sauti ya miaka ya 70: mwongozo kamili kwa bendi yenye maiki chache

Bendi changa huniletea nyimbo zao nizisikilize, na swali huwa lile lile: "Tumeweka programu ya kuigiza mkanda, tumeongeza na mkwaruzo wa santuri, mbona bado inasikika ya leo?" Jibu linajitokeza tangu mpigo wa kwanza. Dramu ilirekodiwa siku moja kwa maiki nane, besi ikaja siku nyingine, tarumbeta ni za kompyuta, na kila kitu kimefungwa kwenye metronomu, yaani mlio wa kupima kasi. Ladha ambayo haikuwepo chumbani haiwezi kuja baadaye kwa programu.

Albamu mpya za aina hii tunazozipenda hazikuongezewa ukale mwishoni. Lebo ya Daptone ya Brooklyn iliwarekodi mwimbaji Sharon Jones na bendi yake ya Dap-Kings kwa mashine ya mkanda yenye traki 8 tu, yaani njia nane za kurekodia. Watayarishaji Adrian Younge na Ali Shaheed Muhammad hutumia mkanda kwenye mfululizo wao wa albamu za Jazz Is Dead huko Los Angeles. Mpiga saksafoni Idris Ackamoor na kundi lake la The Pyramids walikwenda Berlin kurekodi We Be All Africans, iliyotoka mwaka 2016, kwenye studio ya mitambo ya zamani. Mashine zao hatuna. Mazoea yao tunayaweza: wapigaji pamoja, maiki chache, traki chache, maamuzi ya mapema.

## Vifaa

- Kompyuta yenye programu yoyote ya kurekodi. Reaper au Ardour zinatosha kabisa.
- Kadi ya sauti yenye matundu 4.
- Maiki 4: mbili za kawaida za ala kama Shure SM57, moja ya kondensa (aina nyeti zaidi), na moja inayostahimili sauti nzito kwa ngoma ya mguu.
- Amplifaya moja ndogo ya gitaa.
- Hedifoni zinazofunika sikio lote, angalau jozi mbili.
- Magodoro matatu au manne, na zulia au mikeka.
- Taulo mbili, mto, sponji ya kuoshea vyombo, na utepe wa gundi wa kitambaa.
- Spika moja ndogo. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya 7.

Trei za mayai usihangaike nazo. Hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Zinapunguza kidogo sauti za juu tu, na chumba kinabaki kuvuma chini vile vile.

Jipangie traki 8 na usizivuke: dramu (maiki ya juu), ngoma ya mguu, besi, gitaa, kinanda, tumba na manyanga, ala za kupuliza, sauti za waimbaji. Ukiwa na traki 60 utaahirisha kila uamuzi hadi wakati wa kumiksi. Ukiwa na 8 utalazimika kuamua ukiwa bado mazoezini, na hapo ndipo wimbo unapojengwa.

## Hatua ya 1: Punguza wimbo kabla ya kuugusa umeme

Mkae bila kurekodi, mpige wimbo mzima, na kila mtu aondoe nusu ya anachopiga. Nasema hivi kwa dhati. Fanki inaishi kwenye nafasi. Wote wanatua pamoja kwenye pigo la kwanza la kila duru, kisha kila ala inajibu mahali ambapo nyingine imenyamaza. Gitaa la rithimu likijaza kila mwanya, besi haina pa kusema.

Afro-disko ina mpango wake. Ngoma ya mguu inapiga kila pigo, haihati (matoazi mawili ya kukanyaga) inafunguka katikati ya mapigo, na besi inaruka kati ya noti ya chini na ile ile ya juu. Kasi ikae kati ya mapigo 110 na 125 kwa dakika. Ikizidi hapo, tumba hazipati nafasi ya kuyumba na mchezaji anachoka.

Jazi ya kiroho inataka vitu vichache kuliko hapo: noti moja inayovuma chini au kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) mbili tu, besi inayorudia kifungu kifupi bila kuchoka, na watu wanaojua kusubiri. Manyanga, njuga na kayamba ni mali ya muziki huu, na sisi tunazo nyumbani. Mwaka 1971 mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock alitoa albamu inayoitwa Mwandishi na wenzake bendini wakachukua majina ya Kiswahili, na mpiga saksafoni Gary Bartz akatoa albamu za Taifa na Uhuru. Kwa hiyo hamuingii ugenini. Imbeni kwa lugha mnayoiota. Ibibio Sound Machine wa London wanaimba Kiibibio juu ya fanki na disko, na wanajaza kumbi za Ulaya.

Utajuaje umefaulu: weka simu sakafuni katikati ya chumba na urekodi zoezi moja. Ukisikiliza, kila ala isikike bila kumtafuta mpigaji wake. Kama kinanda kimemezwa na gitaa kwenye simu, hakuna miksi itakayokitoa. Badilisheni mnachopiga.

## Hatua ya 2: Chumba

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaorudi haraka haraka kati ya kuta, simamisha magodoro mawili kwenye ukuta mmoja kati ya zile zinazotazamana. Usizibe kuta zote. Chumba kilichouawa kabisa kinafanya dramu zisikike kama zimepigwa kabatini.

Tandika zulia chini ya dramu. Godoro moja lisimame kati ya dramu na amplifaya ya gitaa. Wapigaji waonane macho kwa macho, kwani kuonana huko kuna uzito kuliko kutenganisha sauti kikamilifu. Sauti ya dramu kuingia kidogo kwenye maiki ya gitaa ndiyo inayozifunga ala pamoja, na ukiifuta umefuta nusu ya ukale unaoutafuta.

Kwa jazi ya kiroho tafuta nafasi kubwa zaidi: darasa siku ya Jumapili, ukumbi wa kanisa au wa shule. Huko magodoro yapungue na maiki zisogee mbali.

Tahadhari: zima feni na friji. Kama paa ni la mabati, mvua ikianza, simamisheni kazi. Ukisikia mngurumo wa chini usioisha, chomoa chaja na utumie betri ya kompyuta. Mara nyingi mngurumo huo wa 50 Hz unatoka kwenye umeme wa ukutani.

## Hatua ya 3: Dramu

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae.

Dramu za leo hurekodiwa kwa maiki kwenye kila ngoma, kisha zinapigwa kwa nguvu na kupanuliwa kwenye kompyuta. Za wakati ule zilikuwa kavu, fupi, na zilipigwa kwa mkono mwepesi. Kazi inaanzia kwenye ngozi.

Sneya, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini. Kwa fanki, ikaze ngozi ya juu mpaka mlio uwe mfupi na wa juu, kisha bandika kipande cha utepe ukingoni. Kwa disko fanya kinyume: ilegeze, na ukunje taulo ifunike theluthi ya ngozi iliyo mbali na mpigaji. Utapata ule mlio wa "dabu" usio na mkia. Kwa jazi ya kiroho usiweke chochote. Acha ngozi ilie.

Tomu, zile ngoma nyingine za kupigwa kwa vijiti. Ukiweza, toa ngozi za chini. Mlio unakuwa mfupi papo hapo. Usipotaka kuzitoa, utepe mmoja karibu na ukingo wa juu unatosha.

Ngoma ya mguu. Weka mto ndani, uguse kidogo ngozi inayopigwa. Ukiukandamiza sana utabaki na "tok" isiyo na tumbo.

Mkono wa mpigaji. Mwambie apige ngoma kwa uthabiti na matoazi kwa upole. Uwiano huo ukikosekana, haihati itatawala maiki ya juu na hutaweza kuitoa tena. Haihati ikizidi, usihamishe maiki kwanza. Mwambie aibane zaidi na aipige kwa ncha ya kijiti.

Sasa maiki, mbili tu. Ya kondensa iwe juu ya bega la kulia la mpigaji, karibu mita moja kutoka sneya, ikitazama kati ya sneya na ngoma ya mguu. Ya pili ikae mbele ya ngoma ya mguu, shibiri moja kutoka kwenye ngozi.

Rekodi nusu dakika, sikiliza zote mbili pamoja, kisha bonyeza kitufe cha kugeuza fezi kwenye traki ya ngoma ya mguu, kile chenye alama ya Ø. Sikiliza tena. Chagua upande wenye sauti ya chini iliyojaa zaidi. Sababu ni kwamba mawimbi yanafika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti, na yakipingana yanafutana, hasa chini kabisa. Bendi nyingi hulaumu maiki kwa dramu nyembamba, kumbe ni kitufe hiki tu.

Utajuaje umefaulu: zima traki ya ngoma ya mguu. Maiki ya juu peke yake ikupe dramu nzima kwa uwiano unaoridhisha, sneya ikiwa mbele. Ile ya mguu kazi yake ni kuongeza uzito tu.

## Hatua ya 4: Besi na gitaa

Besi ichomekwe moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Motown, lebo ya soul ya Marekani, walifanya hivyo. James Jamerson, mpiga besi wao, alitumia nyuzi bapa asizopenda kuzibadilisha, na kipande cha sponji kilikuwa kinabana nyuzi karibu na daraja la gitaa. Kata sponji ya vyombo, iingize chini ya nyuzi pale pale. Noti zitakuwa za mviringo na zitakufa mapema, na ngoma ya mguu itapata pumzi. Nyuzi mpya zinazong'aa usizifunge wiki ya kurekodi.

Gitaa lipite kwenye amplifaya ndogo, sauti safi, tribo (sauti za juu) ipunguzwe. Maiki ikaribie kugusa kitambaa cha spika, ielekee ukingo wa koni, si katikati. Mgongo wa maiki uelekee dramu, kwa sababu maiki hizi husikia kwa uchache zaidi upande wa nyuma. Mpigaji atumie nyuzi mbili au tatu za juu na abane kwa kiganja. Kodi kubwa za nyuzi sita awaachie wa roki.

## Hatua ya 5: Rekodi msingi, wote pamoja

Dramu, besi na gitaa vinaingia kwa mkupuo mmoja, na matundu manne yamejaa. Kinanda kitafuata, lakini mpiga kinanda akae chumbani na aongoze kwa ishara.

Weka kompyuta kwenye biti 24 na 48 kHz. Vilele vya sauti vifike karibu -10 dB, visiguse sifuri. Mkanda ukizidishwa hukwaruza kwa utamu. Kompyuta ikizidishwa hukatika vibaya, na hakuna dawa.

Metronomu itumike kutoa kasi ya kuanzia tu, kisha izimwe. Wimbo ukipanda kidogo kasi kwenye kiitikio, acheni. Ndivyo binadamu wanavyopiga wakifurahi. Ukishuka, rudieni, maana mdundo unaozama hauna tiba.

Jipangieni marudio machache, manne au matano, kisha pumzikeni. A Love Supreme ya mpiga saksafoni John Coltrane, albamu ambayo jazi ya kiroho yote ya leo inaitazama, ilirekodiwa 9 Desemba 1964 kwa kikao kimoja. Wapigaji wanaojua kwamba rudio hili laweza kuwa la mwisho husikilizana kwa namna nyingine kabisa.

Chagueni rudio zima lenye mwendo mzuri hata kama lina noti moja iliyoteleza. Kuunganisha nusu ya kwanza ya rudio moja na nusu ya pili ya jingine inaruhusiwa, hata zamani walikata mkanda kwa wembe. Kusogeza kila pigo la sneya mahali pake kwenye skrini, hapana.

Utajuaje umefaulu: punguza sauti mpaka isikike kwa shida. Besi na sneya bado viwe vinakubeba.

## Hatua ya 6: Ala za kupuliza, tumba, waimbaji

Wapulizaji wote wasimame mbele ya maiki moja ya kondensa. Tarumbeta ina nguvu, irudi nyuma karibu mita mbili. Mdomo wa bata (saksafoni) usogee mita moja. Usawa unapatikana kwa miguu yao: anayezidi anarudi hatua, anayefifia anasogea. Rekodi kidogo, sikilizeni pamoja, sogezeni, rekodi tena. Mkimaliza bandikeni utepe sakafuni kila mtu alipokanyaga.

Tumba na manyanga zipigwe tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Usirekodi duru mbili ukazinakili. Mkono wa mpiga manyanga hubadilika kidogo kidogo, unakaza kwenye kiitikio na kulegea kwenye ubeti, na sikio linaujua mwendo huo hata kama msikilizaji hawezi kuueleza.

Mwimbaji kiongozi atumie maiki ya kawaida, hiyo hiyo SM57, kwa umbali wa shibiri. Waitikiaji wajikusanye kwenye kondensa kama walivyofanya wapulizaji. Noti ikienda kombo, imbeni tena. Programu ya kunyoosha sauti ikishaguswa, mwaka wa wimbo unajulikana mara moja.

Kwa jazi ya kiroho, anza na dakika moja au mbili bila mdundo: njuga, manyanga, besi ikivuma, saksafoni ikiomba njia. Maiki zote ziwe mita mbili au zaidi kutoka kwa wapigaji. Kumbuka kwamba hapa chumba nacho ni ala, kwa hiyo maiki zikiwa karibu utapata fanki iliyopunguzwa kasi.

## Hatua ya 7: Kumiksi

Anza kwa kusawazisha viwango tu, bila kuongeza chochote. Kama hatua zilizotangulia zilikwenda vizuri, wimbo unapaswa kusimama hapa hapa.

Kisha panga nafasi: kushoto, katikati, kulia. Besi, ngoma ya mguu na sauti ya kiongozi vikae katikati. Gitaa upande mmoja, kinanda au tumba upande wa pili. Dramu nzima unaweza kuitupa upande mmoja kidogo, rekodi nyingi za zamani ziko hivyo. Tomu zisizunguke kutoka sikio hili hadi lile.

Kata kila kitu chini ya 40 Hz, na teremsha taratibu kuanzia karibu 12 kHz. Sauti ile inayometameta sana juu ndiyo inayofichua ujana wa rekodi. Weka kompresa (kifaa cha kushusha sauti zinazozidi) moja kwenye miksi yote, uwiano wa 2:1, ikishusha dB mbili au tatu tu. Kwenye jazi ya kiroho usiiweke kabisa. Kupanda kutoka mnong'ono hadi kelele ndiyo sala yenyewe.

Mwangwi wa bafuni. Hili nalipenda kuliko mengine yote. Peleka ile spika ndogo kwenye bafu lenye vigae, ielekeze ukutani. Weka maiki kona ya mbali, ikiwa imeipa spika mgongo. Toa sauti ya mwimbaji na ala za kupuliza kupitia spika, rekodi kinachorudi, kisha kichanganye kidogo chini ya miksi. Studio kubwa zilikuwa na vyumba maalumu vya mwangwi, na Capitol ya Hollywood wanavyo vyao chini ya ardhi. Bafu lako linafuata kanuni ile ile, na hakuna bendi nyingine duniani yenye mwangwi huo.

Mwisho kabisa ndipo programu ya kuigiza mkanda, moja, kwa kiasi usichokigundua mpaka uizime. Mkwaruzo wa santuri usiuweke. Kelele ile ilikuwa uchakavu wa nakala, na wahandisi wa wakati ule walipigana nayo.

Utajuaje umefaulu: chagua wimbo mmoja wa zamani unaoupenda, uusikilize baada ya wako kwa kiwango sawa cha sauti. Fanya hivyo kwenye simu, kwenye hedifoni, na kwenye redio ya gari. Sauti ya mwimbaji na besi visipotee kwenye kifaa chochote.

## Hatua ya 8: Kuikamilisha albamu

Usiiminye iwe na kelele. Spotify hushusha nyimbo zilizozidi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo), hivyo nguvu uliyoilazimisha inaondolewa na unabaki na wimbo bapa. Lenga hapo au chini kidogo.

Mkifikiria santuri, upande mmoja wa inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ unabeba dakika 18 hadi 22 kwa sauti nzuri. Zaidi ya hapo mifereji inasongamana na sauti inashuka. Pimeni kabla ya kupanga nyimbo. Kwenye albamu ya Karma ya mpiga saksafoni Pharoah Sanders ya mwaka 1969, wimbo mmoja wa dakika zaidi ya 30 ulilazimika kugawanywa pande mbili. Kama wimbo wenu ni mrefu hivyo, amueni wenyewe mahali pa kuukata, msimwachie fundi. Wimbo wenye matoazi na herufi "s" nyingi usiwe wa mwisho upande wowote, kwa sababu karibu na katikati ya santuri sauti za juu huchafuka kwa urahisi.

Hifadhi traki zote 8 kama faili za WAV kwenye diski mbili tofauti, zikiwa hazijaguswa. Ndani ya folda weka karatasi moja ya maandishi yenye tarehe, chumba, maiki iliyotumika kwa kila traki, na majina kamili ya wote waliopiga, pamoja na aliyeshika manyanga na waitikiaji. Majina hayo hayo yapelekwe kwa mchapaji wa jalada kabla hajaanza kazi.